Daraja limekatika, fedha tuombe wapi? TARURA, Mfuko wa Jimbo, mapato ya ndani au kupandisha hadhi

Muhtasari wa mkutano wa kijiji unaosema "wananchi wanaomba serikali iwatengenezee barabara" ukifika wilayani unaingia kwenye faili na kulala humo. Si kwamba maofisa hawana moyo. Ombi la namna hiyo halisemi ni barabara ipi, kutoka wapi hadi wapi, inakwama kwa nini, wala fedha zitoke fungu gani. Na mafungu ni mengi. Kila moja lina sheria yake, kalenda yake na kikao chake cha kuamua. Kijiji kikibisha hodi mlango usio wake, mwaka wa fedha unapita, na wagonjwa wanaendelea kuvushwa mto kwa machela.

Tunalinganisha hapa milango minne ambayo kijiji au mtaa wa Tanzania Bara unaweza kuiendea: mpango wa TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini) unaolipiwa na Mfuko wa Barabara, Mfuko wa Jimbo, mapato ya ndani ya halmashauri pamoja na nguvu za wananchi, na ombi la kupandisha barabara hadhi ili ihamie TANROADS (Wakala wa Barabara Tanzania). Zanzibar ina taratibu zake, nazo hazimo humu.

Vigezo: jibuni haya kabla ya kuandika barua

*Barabara ina hadhi gani?* Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imezigawa barabara mafungu mawili. Za kitaifa, yaani barabara kuu na za mkoa, zinasimamiwa na TANROADS. Za wilaya, yaani za mkusanyo, za mjazio na za jamii, ziko TARURA tangu wakala huo ulipoanza kazi Julai 2017. Lakini ipo aina ya tatu ambayo wengi hawaijui: njia inayopitwa na magari kila siku ila haijasajiliwa popote. Swali hili hujibiwa ofisi ya TARURA ya wilaya kwa dakika chache, kwa kuwa orodha yote imo kwenye mfumo wao wa DROMAS. Ombeni jina rasmi la barabara na urefu wake, muviandike.

*Ni kazi ya aina gani?* Mafundi wa barabara hutofautisha matengenezo ya kawaida (kufyeka, kuzibua mitaro, kuchonga kwa greda), matengenezo ya sehemu korofi, matengenezo ya muda maalumu (kurudishia kifusi kipande kirefu) na ujenzi mpya. Fungu linalolipia la kwanza laweza lisiruhusiwe kabisa kulipia la mwisho.

*Kazi ni kubwa kiasi gani, na ya haraka kiasi gani? Kijiji kitaweka nini mezani?* Maswali haya mawili hayajibiwi kwa hisia. Yanajibiwa kwa futi kamba.

Vipimo ambavyo kijiji chaweza kuchukua chenyewe

Anzeni pale panapokwamisha. Barabara ya kilomita 9 mara nyingi inashindwa kupitika kwa sababu ya mita 200 tu: bonde moja la tope na kijito kimoja. Kijiji kinaomba kilomita 9, kinanyimwa zote, wakati mita 200 zingepatikana.

Kwenye kijito pimeni upana kutoka ukingo hadi ukingo, kisha kina kutoka usawa wa barabara hadi chini. Tafuteni alama ya mafuriko: takataka zilizonasa kwenye matawi na mstari wa tope kwenye magogo. Pimeni urefu wake kutoka chini ya mto. Huo ndio mwaka mbaya, na kalvati likipimwa kwa maji ya kiangazi litazolewa masika ya kwanza. Angalieni kama chini ni mwamba, mchanga au mfinyanzi. Pigeni picha tatu: upande maji yanakotoka, upande yanakokwenda, na barabara yenyewe ikionekana yote. Andikeni nukta ya GPS kutoka kwenye simu, pamoja na umbali kutoka mwanzo wa barabara.

Kalvati la bomba la zege lenye kipenyo cha sentimita 90 chini ya barabara ya mita 5 huhitaji urefu wa mita 7 hivi, kwa kuwa lazima lipite mabega ya barabara pande zote mbili. Bomba la sentimita 60 ni nafuu na hupendwa kwenye maombi, ila huziba kwa matawi na mchanga, na mtu hawezi kuingia kulizibua. Kalvati lisilo na kuta za kichwa (zile za midomoni mwa bomba) na sakafu ya mawe mahali maji yanapotokea halikai. Maji huchimba nyuma yake, udongo unakwenda, na mabomba hubaki yananing'inia. Kwa hiyo ombi likitaja mabomba tu, bila saruji, mawe na mchanga wa kuta hizo, limeomba nusu ya kazi.

Kifusi nacho kina hesabu yake. Kilomita moja yenye upana wa mita 5 na unene wa sentimita 15 baada ya kushindiliwa ni mita za ujazo 750. Kifusi kilicholegea hujaa zaidi, ongezeni robo: kama 940. Kwa tipa la mita za ujazo 10 hizo ni tripu 94. Kijiji kinachoomba "tripu 20 kwa kilomita moja" kimeomba tabaka la sentimita 3, ambalo fuso la mahindi hulifukua kabla mavuno hayajaisha kusombwa.

Hesabuni na wanaopita: siku ya kawaida moja na siku ya gulio moja, kuanzia alfajiri hadi jioni, pikipiki, magari, baiskeli, waenda kwa miguu. Ongezeni idadi ya siku barabara ilizofungwa msimu uliopita, na majina ya shule, zahanati na ghala la mazao vinavyotegemea njia hiyo. Yote yaingie kwenye ukurasa mmoja, na nakala moja ibaki kijijini.

Mlango wa kwanza: TARURA na Mfuko wa Barabara

*Kazi inayofaa.* Matengenezo ya barabara iliyosajiliwa, makalvati, na madaraja madogo hadi ya kati. Fedha za Mfuko wa Barabara hutokana hasa na tozo ya mafuta. Sheria inataka angalau asilimia 90 ziende kwenye matengenezo na dharura za barabara zilizotambuliwa rasmi, na maendeleo yasizidi asilimia 10. Mgawanyo wa kawaida ni asilimia 70 kwa TANROADS na 30 kwa TARURA. Kuanzia Julai 2021 tozo iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini, jambo lililoipa TARURA pumzi ya kujenga zaidi kuliko ilivyokuwa mwanzo. Hata hivyo mtandao wake ni kilomita 144,429.77, kwa hiyo foleni ni ndefu kweli.

*Anayeamua.* Meneja wa TARURA wa wilaya huandaa mpango ndani ya ukomo wa bajeti aliopewa. Madiwani huujadili, wilaya na mkoa huupitia, na Bunge hupitisha bajeti kati ya Aprili na Juni.

*Muda.* Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Ombi linalotaka kuingia humo lipitishwe na mkutano wa kijiji mwezi Novemba, Kamati ya Maendeleo ya Kata Desemba, na limfikie meneja kabla ya Januari kwisha. Likija Machi ni la mwaka unaofuata. Baada ya Julai zipo zabuni kwenye NeST (mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni) na kusaini mikataba, hivyo mkandarasi huonekana Septemba au Oktoba. Sehemu zenye mvua za vuli, hapo ndipo kazi inapoharibika: kifusi kinamwagwa Novemba, mvua inanyesha kabla hakijashindiliwa, tope linarudi.

*Makaratasi.* Muhtasari wa mkutano wa kijiji wenye mahudhurio, muhtasari wa kata, ule ukurasa wa vipimo, na barua ya mtendaji yenye jina rasmi la barabara.

*Panapokwama.* Sababu kubwa kuliko zote ni barabara kutosajiliwa. Meneja hata akitaka, fedha za matengenezo haziwezi kwenda kwenye njia isiyokuwemo kwenye orodha. Hapo ombi la kwanza liwe la usajili, na kazi isubiri. Kikwazo kingine ni kijiji kutojua mkataba unasemaje. Mkandarasi anachonga kilomita 2, watu wanalalamika kazi imeachwa njiani, kumbe mkataba ulikuwa wa kilomita 2. Mtendaji aombe mapema kwa maandishi: kazi inaanzia mita gani, inaishia mita gani, makalvati mangapi na yakae wapi.

Daraja likikatwa na mafuriko katikati ya mwaka, msisubiri Novemba. Taarifa iende siku hiyohiyo kwa meneja na kwa kamati ya maafa ya wilaya kupitia ofisi ya Mkuu wa Wilaya, ikiwa na picha na vipimo. Fedha za dharura zipo, ila hufuata taarifa iliyofika ikiwa kamili.

*Inamfaa nani.* Kijiji chenye barabara iliyosajiliwa na tatizo la kiufundi linalozidi uwezo wa mafundi wa hapo. Penye mawe mazuri karibu, ulizieni daraja la mawe la upinde. TARURA imeyajenga katika mikoa mingi baada ya kuanzia Kigoma, na gharama hushuka sana kwa kuwa upinde wa mawe hauhitaji nondo.

Mlango wa pili: Mfuko wa Jimbo

*Kazi inayofaa.* Kitu kimoja, kidogo, kinachokamilika. Mfuko huu, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2009, ni wa kuchochea: unakuja juu ya jasho la wananchi, haulibebi zigo lote. Fedha za jimbo zima hugawanywa kata zote, na shule na zahanati nazo zinazidai. Kinachofika kwenye barabara ya kijiji kimoja mara nyingi ni mabomba ya kalvati moja, saruji na nondo. Kilomita ya kifusi haitoki hapa.

*Anayeamua.* Kamati ya mfuko, ambayo mwenyekiti wake ni mbunge na katibu wake ni afisa mipango wa halmashauri. Fedha zenyewe hukaa kwenye akaunti ya halmashauri na hutumika kwa taratibu za manunuzi ya umma. Mbunge hazibebi mfukoni, na kumwomba akiwa msibani au kwenye mkutano wa hadhara si ombi.

*Muda.* Hutegemea fedha zilipofika na kamati ilipokaa. Kamati ikikaa, kijiji chenye makadirio tayari hupata kabla ya kile kinachoahidi kuyaleta.

*Makaratasi.* Mradi uwe umetoka kwenye vipaumbele vya kata, kukiwa na makadirio yaliyosainiwa na fundi au mhandisi anayetambulika, pamoja na orodha ya vitu ambavyo wananchi wamekwishaleta. Sio watakavyoleta.

*Panapokwama.* Vifaa vinafika, fundi hayupo. Saruji ikikaa ofisi ya kijiji miezi minne ya mvua inaganda mifukoni, na hiyo mifuko hairudishwi na mtu. Pia kalvati linalowekwa kwenye barabara ya TARURA bila meneja kujua laweza kukaa juu mno au chini mno ya usawa wa mtaro, greda likija likalipasua. Mpelekeeni mchoro kwanza, hata wa mkono.

*Inamfaa nani.* Kijiji kilichokwisha kusomba mawe na mchanga, kimebakiza saruji na mabomba.

Mlango wa tatu: mapato ya ndani na nguvu za wananchi

*Kazi inayofaa.* Kufungua njia mpya ambayo bado haijasajiliwa, kivuko cha waenda kwa miguu, mafuta ya greda kwa siku chache, kumalizia kilichoanzwa. Faida yake kubwa ni hiyo: huu ndio mlango usioikataa barabara kwa kukosa jina kwenye orodha.

*Anayeamua.* Baraza la Madiwani, likipitisha bajeti yake kwenye sehemu ya mapato ya ndani ambayo mwongozo unataka iende kwenye maendeleo. Kwa hiyo diwani wenu ndiye msemaji wenu, na ahesabu nani atamuunga mkono barazani kabla ya kikao. Halmashauri yenye soko kubwa, stendi au ushuru mzuri wa mazao inaweza. Ile inayohangaikia posho za vikao haiwezi, hata baraza likipitisha kwa makofi.

*Muda.* Kalenda ni ileile ya bajeti, lakini fedha hutoka kwa kadiri ushuru unavyokusanywa. Maeneo ya korosho, pamba au mahindi, fedha huonekana msimu wa mauzo.

*Makaratasi.* Daftari. Nguvu za wananchi zisipoandikwa hazihesabiki kwenye makadirio: siku ya msaragambo, majina, tripu za mawe, ujazo wa mchanga. Kamati ya ujenzi isiwe na mtu anayeuza vifaa.

*Panapokwama.* Wahandisi wa barabara wengi walihamia TARURA mwaka 2017 pamoja na mitambo, hivyo halmashauri inaweza kuwa na fedha bila msimamizi. Mhandisi wa TARURA aandikiwe rasmi asimamie. Jambo jingine ni ardhi. Njia ikipita shambani kwa mtu, ridhaa yake iwe ya maandishi na shahidi kabla jembe la kwanza halijapigwa. Ridhaa ya mdomo huisha siku mzee anapofariki na watoto wake wakirudi kutoka mjini.

*Inamfaa nani.* Kijiji chenye umoja na uongozi usiotiliwa shaka. Pasipo na hayo mawili, michango huleta ugomvi kuliko barabara.

Mlango wa nne: kupandisha hadhi ihamie TANROADS

*Kazi inayofaa.* Barabara ndefu yenye kazi ya mkoa: inayounganisha makao makuu ya wilaya na barabara kuu, au wilaya mbili. Njia ya kijiji kimoja haimo.

*Anayeamua.* Ombi hupita Baraza la Madiwani, Kamati ya Ushauri ya Wilaya, kisha Bodi ya Barabara ya Mkoa chini ya Mkuu wa Mkoa, ndipo liende kwa waziri wa ujenzi na kamati ya kitaifa inayopitia hadhi za barabara.

*Muda.* Miaka. Na hadhi ikipatikana, lami haiji nayo. Barabara inaingia kwenye foleni nyingine.

*Panapokwama.* Hapa tunaomba wananchi wasikilize kwa makini, kwa kuwa shangwe ya kupandishwa hadhi huwafunga macho. Hifadhi ya barabara za kitaifa ni mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati. Duka lililokuwa salama kwenye barabara ya wilaya laweza kujikuta ndani ya hifadhi. Alama ya X ya kijani ikichorwa kwenye jengo kwa kawaida humaanisha mwenye nyumba alikuwepo kihalali na anastahili fidia. Nyekundu humaanisha amevamia, abomoe. Kabla ya kuomba, pimeni hizo mita 30 kwenye kila kituo cha biashara, orodhesheni majengo na mwaka yalipojengwa, na wenye nyumba wahifadhi hati na risiti zao. Orodha hiyo ndiyo itakayowatetea.

*Inamfaa nani.* Kata kadhaa au wilaya mbili zikiomba kwa pamoja. Kijiji peke yake hakifiki popote.

Na kiwanja cha ndege?

Milango hiyo minne haikijengi. Kama kiwanja ni cha serikali, ombi hutoka Kamati ya Ushauri ya Mkoa kwenda wizara ya uchukuzi na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege. Kinachoweza kufanywa na halmashauri ni kulinda eneo: kupima mipaka, kupata hati, kuzuia ujenzi kwenye njia ya kurukia na ncha zake, kufyeka, na kuweka uzio wa kuzuia ng'ombe. Ndege ya wagonjwa haitui penye mifugo.

Mkiwa katika hali hii, fanyeni hivi

Barabara imesajiliwa, ina sehemu korofi mbili tatu: TARURA, ombi la mita zile tu, Novemba. Msiongeze kilomita kwa matumaini.

Barabara haijasajiliwa: ombeni usajili TARURA na wakati huohuo fungueni njia kwa mapato ya ndani na msaragambo. Mambo haya mawili hayagongani.

Kijito kidogo, mawe na mchanga vimekwisha rundikwa, fundi yupo: Mfuko wa Jimbo, mkiwa na mchoro uliopitiwa na mhandisi.

Mto mpana, alama ya mafuriko iko juu ya kichwa cha mtu: msijaribu kwa nguvu za wananchi. Daraja lililokosewa msingi huanguka na watu. Ni TARURA, na wakati wa kusubiri ombeni kivuko cha miguu.

Daraja limeanguka jana: taarifa ya dharura leo, weka miti na mawe pande zote mbili kuzuia magari ya usiku, na mtu wa zamu mpaka kizuizi cha kudumu kifike.

Mmeomba na jibu ni hapana: mwombeni meneja au afisa mipango ajibu kwa maandishi kama kazi yenu imo kwenye mpango wa mwaka ujao, na iko nafasi ya ngapi. Karatasi hiyo iambatishwe mbele ya ombi la Novemba linalofuata, pamoja na vipimo vipya vya baada ya masika.